Nivae nini msituni nisitirike, nionekane na bado nipendeze?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Tanga, sasa naishi Uppsala, Sweden, na mume wangu. Riziki yangu ni cherehani: nawashonea wenzangu madera na magauni ya sherehe, na siku nyingine nafanya kazi katika shule ya chekechea.

Mwaka huu binti yetu wa miaka 10 alijiunga na klabu ya orienteringi hapa mtaani kwetu. Ni mchezo wa kukimbia msituni kwa ramani na dira. Unapewa ramani yenye vituo, unavitafuta kimoja baada ya kingine, na kila kituo kina bendera ya rangi ya chungwa na nyeupe. Kila nikimpeleka nilikuwa nakaa garini namsubiri. Mwishowe nikaona huu ni upuuzi, nikaingia kundi la wazazi wanaoanza. Shangazi, nimeupenda mchezo huu. Nikishika ile ramani kichwa kinatulia, sikumbuki simu wala bili.

Tatizo ni nguo. Siku ya kwanza nilivaa traksuti ya pamba, sweta refu jeusi, mtandio wa kijani niliouzungushia na kuubana kwa pini, na raba zangu za kutembelea. Kulikuwa na manyunyu. Kabla hatujafika mbali suruali ilikuwa imelowa hadi magotini na inanivuta chini. Mtandio ulinaswa na tawi, pini ikanichoma shingoni. Raba ziliteleza juu ya jiwe, nikakaa chini mzima mzima. Lililoniuma zaidi ni binti yangu. Alikuwa mbele kidogo, akageuka kunitafuta, asinione, nami nimesimama hatua chache tu kati ya misonobari. Aliniita huku analia.

Tangu siku hiyo kila mtu ana lake. Mume wangu ameninunulia kizibao cha njano cha reflekta, vile vya mafundi wa barabara, kikubwa kinanifika mapajani. Ananiambia nisikanyage msituni bila hicho, kwa sababu anaogopa wawindaji. Binti yangu anakionea haya, anataka nivae taiti kama mama za wenzake. Wifi yangu aliye Dar aliona picha ya wanawake wa klabu kwenye simu, akaniandikia ujumbe mrefu kwamba mke wa kaka yake kukimbia porini na nguo za kubana ni aibu ya ukoo. Na mimi mwenyewe, Shangazi, ni mtu wa kujipenda. Navaa hijabu na sitaki kuivua, lakini sitaki pia kuvaa ilimradi nimevaa.

Katikati ya Oktoba klabu ina siku ya familia, tutakimbia mimi na binti yangu pamoja. Baada ya hapo mazoezi yanahamia usiku, watu wanavaa tochi kichwani. Pesa za kununua kila kitu kipya sina. Nivae nini?

Mama Mshonaji, Uppsala

*

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi sana kusoma kwamba mchezo wenyewe umekuingia, maana hilo ndilo gumu. Nguo ni jambo la kupanga, na mwenye cherehani nyumbani ana nafuu kuliko hao wenzake wote wanaotegemea dukani.

Nianze na wifi yako, kwa kuwa naona neno lake ndilo lililokukaa rohoni. Ameona wanawake waliovaa taiti akadhani hiyo ndiyo sare ya mchezo. Siyo. Mbio za ramani ni kati ya michezo michache ambayo yenyewe ilifika mahali ikaamuru watu wafunike mwili, na ina kisa chake. Zamani wakimbiaji wengi huko Sweden waliingia msituni na kaptura. Wakitoka, miguu imechanikachanika kwa matawi na vichaka, kisha wananawa pamoja, watu wengi kwa maji yale yale. Kati ya 1957 na 1963 wakimbiaji zaidi ya 500 waliugua homa ya ini, ile inayopita kwenye damu. Waliochunguza walielekeza lawama kwenye mikwaruzo ile na maji yale ya kunawia. Ndipo ikawekwa kanuni kwamba mkimbiaji afunike kiwiliwili na miguu, na kwa miaka mingi ukifika mstari wa kuanzia miguu wazi ulirudishwa. Nguo iliyozoeleka ikawa suruali pana ya nailoni nyepesi na shati la mikono mirefu la kitambaa hicho hicho. Ukitazama picha za mashindano ya miaka ya 1970 na 1980 utadhani watu wametoka mbio kitandani na nguo zao za kulalia, wanaume kwa wanawake.

Siku hizi kanuni zimelegezwa, hasa kwa zile mbio fupi za mitaani, lakini waandaaji bado wana haki ya kutaka miguu ifunikwe, nao huandika hivyo kwenye maelezo ya mashindano. Mwambie wifi yako, kwa upole, kwamba mchezo uliouchagua unakutaka ujisitiri kwa afya yako mwenyewe. Kama atauliza la dini, la mpaka wapi nguo ikibana inakuwa imezidi, hilo muulizeni shehe mnayemwamini. Mimi si mtu wa kutoa fatwa.

Nitakuambia hata bila wifi kwa nini nisingekushauri taiti peke yake. Taiti ni nzuri barabarani. Msituni kitambaa chake kimegusana na ngozi, kwa hiyo tawi kavu likipita linakwaruza vyote viwili, na ikilowa inashikilia maji ya baridi palepale kwenye paja. Suruali pana ya nailoni inaacha nafasi ya hewa katikati. Tawi linaikwangua nguo, linateleza, linakwenda zake. Ikilowa unaikung'uta, na ukikimbia muda mfupi imeshakauka. Tafuta suruali iliyotengenezwa kwa mchezo huu hasa, nyepesi, pana kwenye paja na nyembamba kwenye kifundo cha mguu. Klabu nyingi zina sanduku au siku ya kubadilishana vifaa vilivyotumika, na suruali za namna hii hujaa humo kwa sababu watoto hukua zikawabana. Wewe ukipata hata iliyopasuka paja, unajua la kufanya.

Juu yake vaa kanzu fupi, na hapa ndipo cherehani inapoingia. Usinunue. Kanzu za michezo za dukani ama ni fupi kwa anayetaka kujisitiri, ama ni ndefu na pana mpaka zinakuwa mtego. Shona yako ya poliesta nyepesi ya michezo, ile yenye vitundu vidogo vidogo vya kupitisha hewa, iishie shubiri moja juu ya goti. Chini ya hapo vichaka vya matunda pori vitakuwa vinakuvuta pindo kila hatua. Weka mipasuo miwili ya ubavuni kutoka kwenye nyonga. Mpasuo usiuache wazi tu: mwisho wake wa juu piga mishono ya kurudia mara nne au tano, maana hapo ndipo nguo inapoanzia kuchanika ukiruka gogo. Kabla ya kumaliza pindo, ivae, simama mbele ya kiti, pandisha mguu mmoja juu ya kiti kwa mkupuo. Kanzu ikikuvuta nyuma, ongeza mpasuo, usiongeze upana wa chini. Kisha chuchumaa, upite chini ya meza ya kulia bila kuishika nguo. Ikinasa kwenye mguu wa meza itanasa kwenye msonobari.

Mikono iishie kwenye kifundo cha mkono, yaani pale saa inapokaa, na lastiki laini. Wapo watakaokusifia mikono mirefu yenye tundu la kidole gumba. Kwa matembezi ni mizuri, kwa mchezo huu inakera. Dira ya wakimbiaji inavaliwa kwenye kidole gumba, na kile kifaa kidogo cha kielektroniki cha kujiandikisha kituoni kinavaliwa kwenye kidole cha mkono wa pili, kwa hiyo viganja vyote viwili vinatakiwa viwe huru. Nafasi ya kupendeza ipo hapo hapo. Kitenge chenyewe ni pamba, hakifai kuwa kanzu, lakini utepe mwembamba wa kitenge shingoni na kwenye mikono hautaongeza maji ya maana, nao unabadilisha nguo nzima. Siku hizi pia vinauzwa vitambaa vya poliesta vyenye nakshi za kitenge. Ukipata kizuri, kitumie kipande cha kifuani au cha ubavuni.

Hijabu. Pini ziache nyumbani, zote, hata ile ndogo ya kidevuni. Vaa ya kipande kimoja ya kuvutwa kichwani, ya kitambaa cha michezo kinachonyumbuka, na sehemu ya chini uiingize ndani ya shingo ya kanzu isiachie ncha yoyote ya kunaswa. Nyumbufu ina maana yake: tawi likikushika, kitambaa kinajivuta na kuachia, badala ya kukuvuta wewe shingo. Isiwe nzito masikioni, kwa sababu msituni unahitaji kusikia, hasa ukiwa na mtoto. Siku ya baridi, badala ya kuvaa hijabu nene, vaa kofia nyembamba ya sufu ndani yake.

Sasa rangi, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu ya kile kilio cha binti yako. Msitu wenu una kijani, kahawia na kijivu cha mawe, na Oktoba yanaongezeka manjano na wekundu wa majani yanayopukutika. Wewe siku ile ulivaa kijani na nyeusi, rangi ambazo zimo humo humo. Hatua chache zilitosha kukumeza. Chagua rangi ambayo msitu hauna: rangi ya chungwa ya kuwaka, au pinki kali kabisa. Njano ya kizibao cha mume wako ni hodari barabarani, na kiangazi inafaa hata msituni, ila Oktoba majani yakigeuka inapata wenzake wengi. Nyekundu ya kawaida isikudanganye. Mchana inaonekana, lakini mwanga ukififia jioni macho ya binadamu yanaanza kuiona kama nyeusi mapema kuliko rangi nyingine.

Na rangi hiyo iweke juu. Vichaka vinafunika miguu mpaka kiunoni, kwa hiyo suruali ya chungwa haimsaidii mtu kukuona. Kinachotokeza ni mabega na kichwa. Mwanangu, hapo wewe umewazidi wenzako wote! Mwanamke asiyevaa hijabu kichwa chake msituni ni nywele tu, za kahawia au nyeusi. Wewe una kichwa kizima, shingo na sehemu ya mabega unayoweza kuivika pinki inayowaka. Hijabu ya pinki, kanzu ya bluu iliyokolea yenye mabega ya pinki hiyo hiyo, suruali ya rangi nyepesi. Kwa ngozi zetu rangi hizi zinakaa vizuri mno, nadhani hata binti yako atakubali kupigwa picha nawe. Jambo moja tu: usivae chungwa na nyeupe vikikutana kifuani au mgongoni. Bendera ya kituo ni ya rangi hizo, pande zake sentimita 30 kwa 30, na mtu anayeitafuta kwa mbali kati ya miti anaweza kukukimbilia wewe.

Mume wako hajakosea kuwaza wawindaji. Sehemu za kusini mwa Sweden, na Uppsala mmo, msimu wa kuwinda elki, yule mnyama mkubwa mwenye pembe pana, huanza Jumatatu ya pili ya Oktoba, kwa hiyo siku yenu ya familia inaangukia humo. Ila tukio la klabu haliandaliwi hivi hivi. Waandaaji huzungumza kwanza na wenye ardhi na wawindaji wa eneo, wakapatana siku na mahali. Hatari ni pale mtu anapokwenda kufanya mazoezi peke yake msitu asioujua habari zake. Kabla ya kwenda, waulize klabu; mkikuta alama ya uwindaji njiani, geuzeni gari. Na msimu huo vaa ya chungwa hata kama pinki ndiyo uipendayo, kwa kuwa chungwa ndiyo rangi ambayo macho ya wawindaji yamezoea kuitambua kama mtu. Wao wenyewe huvaa utepe wa chungwa kwenye kofia. Wanyama hao hawaitofautishi chungwa na kijani kama sisi, ndiyo maana mwindaji anaweza kuivaa bila kuwafukuza.

Basi shona hijabu mbili, moja ya pinki na moja ya chungwa. Kitambaa chake hakifiki hata mita moja kwa kila moja.

Usiku mambo yanageuka, na watu wengi hawalijui hili. Rangi za kuwaka zinang'aa kwa sababu zinapokea ile mionzi ya jua tusiyoiona na kuirudisha kama mwanga tunaouona. Jua likishazama hakuna cha kupokea, na hijabu yako ya pinki inakuwa hijabu kama hijabu nyingine. Usiku kazi ni ya reflekta. Dereva mwenye taa zilizoinamishwa humwona mtu aliyevaa nguo nyeusi akiwa mita 20 hadi 30 tu kutoka kwake. Mwenye reflekta humwona tangu mita 125 hivi. Ndani ya msitu reflekta inaamshwa na tochi za wenzako. Hapa ndipo kizibao cha mume wako kinapopata heshima yake, kwa sababu kina zile tepe za fedha. Usikivae kilivyo. Kifumue ubavuni, kipunguze kikukae juu ya kanzu bila kupepea, tepe zikae kifuani, mgongoni na mabegani. Kipande kitakachobaki kina tepe pia: shona vikuku viwili vya kufunga juu ya kifundo cha mguu. Kinachotikisika ndicho kinachovuta jicho la dereva, na miguu ndiyo inayotikisika kuliko kitu chochote mnapotoka maegeshoni kwenda msituni. Mume wako akiona kizibao chake kimetumika atafurahi, nawe hutakuwa umekivaa kama alivyokileta.

Mkanda wa tochi huteleza juu ya hijabu, hasa hizi za kitambaa laini. Shona vitanzi viwili nyuma ya hijabu ya usiku, mkanda upite humo. Na kwenye shingo ya kanzu shona kitanzi cha tatu, cha filimbi. Mpe binti yako ya kwake pia. Ishara ya kuomba msaada ni mipulizo sita ndani ya dakika moja, unanyamaza dakika moja, unarudia. Mfundishe nyumbani kabla ya kumfundisha kusoma vilima kwenye ramani.

Kama una pesa ya kitu kimoja tu cha kununua kipya, nunua viatu. Raba za barabarani zina soli laini, na msitu wa huko umejaa mawe ya mviringo yenye ukoga na magogo yaliyolowa. Kwa anayeanza, viatu vyenye njumu za mpira vinatosha. Wenye uzoefu huvaa vyenye njumu zilizotiwa vichwa vya chuma, vinashika vizuri juu ya jiwe na gogo lenye maji, lakini ni ghali na kwenye lami havifai. Soksi ziwe ndefu za kufika chini ya goti, za sufu iliyochanganywa na nailoni.

Pamba, mwanangu, iache yote, kuanzia ile inayokaa karibu na mwili. Pamba ikilowa haikauki upesi, na Oktoba huko maji yaliyobaki kwenye nguo yanakunyang'anya joto la mwili upesi kuliko baridi yenyewe. Ndani vaa fulana nyembamba ya sufu au ya poliesta. Sufu ina sifa kwamba hata ikilowa bado inatia joto. Sidiria iwe ya michezo, iliyokukaa sawasawa, na usione haya kuijaribu dukani kwa kuruka ruka. Paka vaselini kwapani na katikati ya mapaja. Ukiwa umesimama unasubiri kuanza, ukijisikia una baridi kidogo, basi umevaa kiasi. Ukijisikia una joto zuri, umezidisha, na kufikia kituo cha pili jasho litakuwa limekulowesha kabla ya mvua.

Hujaniuliza kuhusu kupe, ila siwezi kunyamaza, kwa sababu nao ni jambo la nguo. Kupe wa huko wanaleta hasa magonjwa mawili. Borrelia inatibika kwa dawa za antibiotiki ikigunduliwa. TBE ni virusi vinavyoshambulia ubongo, haina dawa ya kuitibu lakini ina chanjo, na maeneo ya Uppsala na Stockholm ni kati ya yale yenye TBE nyingi. Nendeni mkachanjwe, familia nzima. Ndiyo maana nilikuambia suruali ya rangi nyepesi: kupe juu ya nguo nyeusi haonekani, juu ya kijivu cheupe unamwona anavyopanda. Chomeka suruali ndani ya soksi. Mkirudi nyumbani kagueni nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, na kwa mtoto hasa kichwani, nyuma ya masikio na kwenye mstari wa nywele. Wewe mwenye hijabu nawe kagua hapo hapo. Mkimkuta kupe, mshikeni karibu kabisa na ngozi kwa kibano, mvuteni pole pole. Msimpake mafuta wala kumchoma.

Alama ya Borrelia ni duara linalotanuka kwenye ngozi baada ya siku kadhaa au wiki. Vitabu huliita jekundu. Kwenye ngozi nyeusi linaweza kuonekana kama weusi au zambarau hafifu, na si kila daktari amezoea kuliona. Ukiona mahali palipoumwa panabadilika, zungushia mstari wa kalamu, upige picha, utazame kesho yake kama pametanuka. Ukienda hospitali nenda na picha hizo.

Kanga nayo ina kazi yake mbio zikiisha. Kwenye mashindano haya watu hubadilisha nguo uwanjani, kando ya begi lao, na wenzako hawataona ajabu. Wewe utaona. Chukua kanga mbili za upana wa kawaida, uziunganishe pande mbili zibaki wazi juu na chini, tia lastiki juu, ukivaa inakuwa hema lako: unavua nguo za maji na kuvaa kavu humo ndani, hakuna anayeona hata bega. Hijabu kavu iweke juu kabisa kwenye begi ndani ya mfuko wa plastiki. Nguo za msituni zifue bila ile dawa ya kulainisha, maana inaziba vitundu vya kitambaa na kuzifanya zishike jasho, na tepe za reflekta usizisugue kwa brashi.

Kwa mfuko wako, mpango ni huu: viatu vipya, suruali na fulana ya ndani kutoka kwenye vifaa vilivyotumika, kanzu, hijabu na kizibao kutoka mezani kwako. Tochi usinunue mwaka huu, klabu nyingi zina za kuazima.

Na ukishaijaribu kanzu hiyo siku ya familia, irekebishe, kisha kata nyingine. Huko Uppsala wapo kina mama wengi, wetu na wa Kisomali na wengineo, wanaosubiri garini kwa sababu hii hii ya nguo. Zungumza na viongozi wa klabu wakuruhusu utumie rangi na nembo yao. Anza na vipimo vitatu, mdogo, wa kati na mkubwa, na bei uihesabie kitambaa pamoja na muda wako. Usiwafanyie bure.